Vihatua vya Mzee Singano

Mtu mmoja alikuwa na watoto wawili, na kazi yake ilikuwa kulinda msitu wa serikali kule milimani Lushoto. Aliitwa Singano. Kila likizo ya Desemba alificha kopo la bati humo msituni, kisha akawaandikia watoto vidokezo: anzeni kwenye mkuyu, fuateni kijito hatua sitini mpaka jiwe lililopasuka, geukieni kilimani, hatua arobaini, chimbueni. Naftali na dada yake Loisi walitoka mbio wakihesabu kwa sauti, wakigombana nani karuka namba. Ndani ya kopo mlikuwa na karanga na pipi mbili tu. Lakini jamani, raha ile! Mimi nilikuwa jirani yao, nilionjeshwa karanga zile, na sijala tena kitu kitamu namna ile.

Watoto wakakua, wakaondoka. Naftali akawa fundi wa majumba Tanga, Loisi akawa mwalimu Moshi. Singano akazeeka, akafa, akaacha bahasha. Ndani yake mlikuwa na vidokezo vya kopo moja la mwisho, hatua sitini kutoka mkuyu mwingine hadi jiwe, kisha arobaini kilimani, na chini ameandika kwamba humo kuna barua aliyomwandikia mkewe. Wakati huo mama yao alikuwa kitandani, pumzi zinahesabika. Hakutaka dawa wala uji. Alitaka kusikia maneno ya mumewe kabla hajamfuata.

Basi wakaingia msituni, watu wazima wawili. Naftali akapiga hatua sitini kutoka mkuyuni, akajikuta kinamasini. Loisi akahesabu naye, kinamasini tena. Wakarudia mara tatu, mpaka wakaanza kutupiana maneno. Naftali akasema mzee alishachanganyikiwa, basi. Wakarudi nyumbani wamenuniana, mikono mitupu.

Mama akawasikiliza, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Nyie wanangu nyie! Baba yenu hakuwahi kupima kwa miguu yake. Alikuwa anapiga vihatua vyenu, mtu mzima na bunduki begani, ili msije mkapotea."

Hawakulijua hilo. Utotoni hesabu ilikuwa inatimia tu, wala hawakuuliza kwa nini.

Wakarudi msituni mchana uleule. Naftali, mtu mwenye mafundi ishirini chini yake, akatazama nyuma asije akaonekana. Halafu akaanza kutembea kama mtoto wa miaka saba. Alipofika thelathini machozi yakamtoka, akasema wazi kwamba amemkumbuka baba. Loisi akamshika mkono, wakaendelea kuhesabu kwa sauti. Kwenye sitini palikuwa na jiwe, limefunikwa na nyasi, ndiyo maana walilipita. Kwenye arobaini, chini ya majani makavu, palikuwa na kopo.

Barua waliyomsomea mama ilikuwa fupi: "Mke wangu, nisamehe. Miaka yote niliulinda msitu, nyumba nikakuachia peke yako."

Mama akaomba isomwe tena. Akasema alikwisha kumsamehe siku nyingi, ila alikuwa akingoja kuombwa. Jumapili iliyofuata tulimzika kando ya mumewe.

Ndugu zangu, waliotutangulia walifupisha hatua zao ili sisi tufike. Basi ni ukubwa gani huu tulionao, hata tunaona haya kufupisha zetu?