Sori ya Nini?

Amani iwe kwenu, wapendwa, na iwe kwenu pia mliofika sasa hivi mkijifanya mlikuwa nje mnaongea na simu. Kaeni. Leo sitawachosha. Nina mfano mmoja tu, nikishautoa tunaendelea na ibada, maana najua kuna watu hapa wameacha maharage jikoni.

Kulikuwa na binti mmoja, muuguzi wa zahanati, aliyetaka kwenda kusomea ukunga kwenye chuo kikuu cha nchi ya mbali. Vyeti alikuwa navyo. Barua ya kukubaliwa alikuwa nayo, ila ilikuwa na sharti kule chini kabisa: afanye mtihani wa Kiingereza, afikishe alama saba katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea. Akaenda, akafanya. Kusoma akapata saba na nusu. Kuandika saba. Kusikiliza nane. Kuongea, sita na nusu. Nusu alama, jamani! Nusu! Chuo kikamwandikia kwamba kitamtunzia nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi wa sita, baada ya hapo atapewa mwingine. Ikabaki mara moja tu ya kujaribu tena.

Shida yake mnaijua, maana ndiyo shida yetu wote. Kusoma Kiingereza tunasoma. Kuongea, ulimi unagoma. Msicheke. Mimi mwenyewe mwaka juzi tulipopata wageni niliwakaribisha vizuri kabisa kwa Kiingereza, nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Basi wakanijibu. Hapo ndipo nikaanza kukohoa. Mchungaji mzima, nilikohoa mpaka katibu wa usharika akaja kuniokoa.

Basi yule binti akatafuta mwalimu mjini, mama mmoja mkali lakini anayeijua kazi yake. Siku ya kwanza tu mwalimu akaona tatizo. Alidondosha chaki, binti akasema, "Sori." Akapiga chafya, binti akasema, "Sori." Umeme ukakatika, mwalimu akaguna, binti huyo huyo, "Sori, mwalimu."

Mwalimu akafunga kitabu. "Hebu nieleze. Hiyo sori yako ya kila dakika ni ya nini?"

"Nakupa pole, mwalimu."

"Hiyo siyo pole. Wenzetu ukiwaambia sori hivi hivi, wanajua umekosa. Chaki nimeidondosha mimi. Wewe umekosa nini?"

"Sasa mwalimu, pole kwa Kiingereza wanasemaje?"

Mwalimu akafikiri. Akafungua kamusi, akaifunga. "Hawana," akasema. "Ukifika pale, nyamaza tu."

Msimlaumu huyu mwalimu. Alikuwa anasema kweli, na alitaka mwanafunzi wake afaulu. Maana hili neno letu ni la ajabu, sisi tumelizoea tu. Unatoka shambani, pole. Umebeba ndoo, pole. Unaumwa, pole, na anayekuuguza naye, pole na kuuguza. Unajikwaa barabarani, mtu usiyemjua, yuko ng'ambo kule na mzigo wake kichwani, anakupigia kelele, "Pole, jamani!" Kakufanya nini yule? Hajakufanya kitu. Jiwe hakuliweka yeye. Utamwelezaje Mzungu hiyo, akuelewe?

Kwa hiyo mazoezi yakaanza. Binti kila akiteleza akasema sori, mwalimu anamsimamisha, anamsomesha ukurasa mzima upya kwa sauti. Wiki ya kwanza alisoma mpaka koo likakauka. Wiki ya pili akapunguza. Mwezi ulipoisha, mwalimu alidondosha chaki makusudi, akagonga kidole kwenye meza makusudi, binti kimya. Ametulia, amenyoosha mgongo, kama hajaona. Mwalimu akafurahi sana. "Sasa umeiva," akamwambia.

Jioni moja binti yuko nyumbani, mama yake anakaanga chapati. Mafuta yakaruka, yakamuunguza mama mkononi. Mama akapiga yowe. Binti akageuka, akamwangalia, akarudi kwenye daftari lake.

Mama akasubiri. Akaona kimya. "Yaani hata pole, mwanangu?"

"Mama, si mimi niliyekuunguza."

Mama alishika kiuno, mkono unawaka moto, akamtazama. "Haya!" akasema. "Kumbe Kiingereza kinaingia kweli!"

Mnacheka. Mama naye alicheka, ndivyo mama zetu walivyo. Lakini chapati zilizobaki alizikaanga bila kusema neno, na binti aliona. Alijisikia vibaya sana moyoni, hata usingizi siku hiyo haukuja vizuri. Ila mtihani ulikuwa umebaki siku nne, angefanyaje? Akajisemea, nikishafaulu nitarudi kuwa kama zamani.

Siku ikafika. Wakamwita jina, akaingia kwenye chumba kidogo chenye meza moja, viti viwili na kinasa sauti. Mtahini alikuwa mama wa makamo, mgeni, miwani puani, na mkono wake wa kulia umevunjika. Umefungwa plasta ngumu mpaka juu ya kiwiko, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Na mtu wa mkono wa kulia mnajua, wa kushoto haujui kazi. Akajaribu kupanga karatasi zake kwa huo wa kushoto, zikamponyoka, zikatawanyika sakafuni. Akainama kuziokota, mkono ukagonga meza. Akafumba macho kwa maumivu.

Nawauliza, mngekuwa nyie mngefanyaje? Mnakumbuka alichofundishwa? Nyamaza tu. Mwezi mzima wa kusoma kurasa, ameiva, na nafasi yake ya chuo iko pale mezani. Basi yule binti alikuwa ameshapiga magoti anaokota karatasi kabla hajajijua, na mdomoni neno limeshatoka. "Sori! Sori, mama, sori!"

Likishatoka limetoka. Akataka kulimeza, haiwezekani. Mtahini akamtazama kwa juu ya miwani, akamuuliza, kwa Kiingereza chao kile kilichonyooka, "Sori ya nini? Kwani wewe ndiye uliyenivunja?"

Jamani, lile ndilo swali lenyewe aliloonywa. Aliiona nafasi ya chuo inaondoka, anapewa mwingine. Angeweza kusema, samahani, nimekosea, tuanze mtihani. Lakini akakumbuka yeye ni muuguzi, na aliyekaa mbele yake anaumwa. Akasema, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "Hapana, mama. Sikukuvunja mimi. Ila umeumia, na mimi niko hapa."

Mtahini akavua miwani. "Nina wiki tatu na mkono huu," akasema. "Kila mtu ananiuliza nilivunjikaje. Nilianguka kwenye ngazi, basi wananiambia ningeshika ukuta." Akacheka kidogo. "Kwenu mna neno la hicho ulichoniambia?"

"Tunalo. Pole."

"Pole," akasema yule mama. Akalirudia, safari hii polepole zaidi. Kisha akavaa miwani, akawasha kinasa sauti, wakaanza mtihani.

Sisemi kwamba alipewa alama za huruma. Kinasa sauti kilikuwa bado hakijawashwa, na yule mama ni mtu wa kazi, hakupendelea hata nukta. Lakini niambieni, ulimi uliogoma ukishasema jambo la kweli kwa mtu wa kweli, utagoma tena? Haukugoma. Binti aliongea kuhusu zahanati yao, kuhusu wajawazito wanaotembea kutwa nzima kuja kujifungua, kuhusu mama yake na chapati zake. Akikosea kitenzi, anaendelea mbele. Majibu yalipotoka, kuongea alipata saba na nusu. Nafasi yake aliikuta. Na kabla hajafunga sanduku alimwendea mama yake jikoni akamshika ule mkono wenye kovu la mafuta, na nadhani mnajua alimwambia nini. Sasa hivi yuko mwaka wa pili kule, anazalisha, na hana shida.

Basi. Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme tusiache mila zetu, tusiige wageni, kisha mseme amina, twende nyumbani tukale. Amina hiyo sitaki. Mila ya kusema pole tunayo, tumejaa nayo tele, tunaimwaga barabarani kwa watu tusiowajua. Mimi nimekuja na lile swali la mtahini. Kwani wewe ndiye uliyenivunja?

Maana sisi, wapendwa, hilo swali tunalo mioyoni, na hatukufundishwa na Mzungu yeyote. Kijana wa jirani kafungwa. Tunasema, kwani nilimtuma mimi? Binti kapoteza mimba, tunaanza kwanza kuchunguza, alikuwa anabeba mizigo? Alikwenda kliniki? Mwenzetu kaachwa na mume, tunakaa kikao kizima kutafuta nani mwenye kosa, na tukishaona kosa si letu tunashukuru Mungu, tunapita. Tumekuwa mahakimu wa maumivu ya watu. Tukikutwa hatuna hatia, tunadhani tumemaliza kazi. Kwani Bwana wetu alimvunja nani? Alikuwa na kosa gani kwetu, hata aje akae hapa tulipoumia? Angesema, si mimi niliyewaunguza, akarudi kwenye daftari lake, leo tungekuwa wapi?

Sasa nisikilizeni vizuri, hili halimo kwenye mfano. Mzee Ambokile amekaa pale benchi la mwisho, karibu na mlango. Alhamisi ng'ombe wake wa maziwa alivimba tumbo, akafa. Ng'ombe mmoja tu aliyekuwa naye, ndiye aliyekuwa anamsomeshea wajukuu. Kijiji kizima tunajua. Asubuhi hii nilikuwa dirishani pa ofisi nawaangalia mkiingia. Mmoja kamsalimia, kapita. Mwingine kamwambia angemwita daktari wa mifugo mapema. Wengine mmepitia mlango wa pembeni, nimewaona, msiangalie chini.

Na mimi je? Mimi nilimkuta getini saa mbili. Nikajisemea, mimi si daktari wa mifugo, nitamwambia nini? Nikampa mkono, nikamuuliza habari za asubuhi, nikaingia ndani kuandaa mahubiri haya ya pole. Naona aibu kuwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwaya, msiimbe kwanza. Baraka nitaitoa baadaye. Akina mama wa benchi la mbele, naomba mnipishe nipite. Hapana, Mzee Ambokile, kaa, usisimame, nakuja mimi huko. Nakuja, baba. Pole. Pole sana kwa ng'ombe wako.