Busati la Karafuu la Bwana Fisi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanakwenda dukani na vikapu, duka lilikuwa moja tu, la Bwana Fisi. Mlangoni alitandika busati, na kila mteja alipangusa miguu kabla ya kuingia. Hawakujua kwamba Fisi alikuwa amelinyunyizia unga wa karafuu. Akishafunga duka alifuata harufu, fu, fu, fu, hadi nyumbani kwa kila mmoja. Alichokiona alimsimulia Chui, naye Chui alimlipa nyama. Simlaumu sana, na yeye alikuwa na watoto.

Siku moja Bibi Digidigi alinunua mafuta ya kumchua mtoto mchanga. Alikuwa na siku tisa tangu ajifungue, na kwao uzazi hautangazwi mpaka arobaini itimie. Hata jirani hakujua.

Kesho yake Chui akasimama kando ya kichaka chao. "Mama, mafuta yamemfaa mtoto?"

Moyo wa Digidigi ukaenda du, du, du. Chui alipoondoka, alimwachia mumewe mtoto, akakimbilia kwa Mzee Nungunungu, mjuzi wa sheria. Mzee akamnusa kwato, akasikia karafuu ya busati la Fisi, akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba anaweza kumtaka Fisi aseme anajua nini na amemwambia nani, na kumkataza asimfuate tena. Akikaidi, wateja wamshitaki kwa pamoja mbele ya Tembo, hakimu wa wanyama.

"Lakini atasema mlikubali kufuatwa," akaonya. "Huo ndio mlango atakaotokea. Uzibe."

Digidigi alimwendea Fisi akamtaka hayo, Fisi akakaidi. Wateja wengi waliogopa kushitaki, kwa kuwa duka ni moja. Walijitokeza Pimbi na Kanga tu. Barazani Chui naye alikuja, akajilaza mbele kabisa.

"Aliyekanyaga busati langu amekubali," Fisi akajitetea. "Tena kujua si kuiba."

"Na kusema ninachojua je, Bwana Fisi?" Digidigi akauliza kwa upole.

"Si kosa, bibi mdogo. Maneno ni upepo."

"Basi nami niwaambie wanawe Fisi wanalala wapi, na saa ngapi mama yao huwaacha peke yao."

Chui akainua masikio. Fisi akaruka. "Nyamaza! Nani amekuruhusu?"

Tembo akamgeukia Fisi, akasema, "Umejihukumu." Akaamuru busati lichomwe, na Fisi asimfuate mteja yeyote bila kumwomba ruhusa kwanza.

Njiani Pimbi akamwuliza Digidigi amelijuaje pango la Fisi.

"Silijui," akajibu. "Sijawahi kufika hata karibu."

Siku hiyohiyo akahama na mumewe na mtoto, kwa sababu ingawa busati limechomwa, Chui hajakisahau kichaka chao.

Anayechungulia kwa wenzake bila hodi huijua thamani ya hodi siku anapochunguliwa yeye.