Mwita Maji wa Horini

Maji yakijaa hupwa. Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo jirani aliyekosana na nduguye, nanyi mmenijia mbio kuuliza neno hilo limetoka wapi. Haya, kaeni, na huyo anayechezea viatu vyangu aviache. Methali hii ilianza hivi.

Kabla ya daraja na kabla ya pantoni, hori yetu, huu mkono wa bahari unaoingia bara katikati ya mikoko, ilivukwa kwa miguu. Wapagazi, matarishi, hata maharusi, wote walingoja maji yapwe. Lakini mkondo wenyewe ulipita upande huu wa kijijini, na aliyesimama ng'ambo hakuuona kina chake. Kwa hiyo palikuwa na mwita maji, mjane aitwaye Bi Mwanatumu. Alichomeka mti mkondoni, akautia alama, alama ikitokeza aliita, "Yamepwa!" nao wakavuka. Hakuwahi kumdanganya msafiri hata mara moja.

Alikuwa na binti mmoja tu, Mishi. Mwaka mmoja aliwaitia maji wapagazi kutoka bara, na mmoja wao akampenda Mishi, Mishi naye akampenda. Mama alikataa katakata. Binti alipofunga mzigo wake, Bi Mwanatumu alimwambia, "Ukivuka maji haya, usinirudie." Akavuka. Miaka mitatu mama yule aliwavusha watoto wa wenziwe, kisha akarudi ndani kukitazama kitanda kitupu na kulia.

Asubuhi moja, na mapema, sauti ikatoka ng'ambo.

"Hodi! Shikamoo, Mama! Maji vipi?"

Ilikuwa sauti ya Mishi, na mgongoni amebeba mtoto. Bi Mwanatumu alitamani kukimbia akamkumbatie, lakini hasira ya miaka mitatu ilimtangulia mdomoni. Shikamoo hakuiitikia. Aliutazama mti wake: alama iko juu ya maji, mkondo haufiki magotini.

"Yamejaa!" akasema.

"Maji yakijaa hupwa, Mama. Nitangoja."

Mishi akaketi juu ya mzizi wa mkoko, akamnyonyesha mtoto wake.

Bi Mwanatumu akajitia kufagia ua aliokwisha kuufagia. Akachungulia, binti yuko palepale. Akaenda kuchochea moto usio na chungu. Akachungulia tena, na safari hii moyo ukampasuka, kwa maana maji yalikuwa yameanza kurudi na alama imezama. Yakijaa tele Mishi atakata tamaa, ataondoka, na pengine hataonekana tena. Akafungua kinywa aite, "Yamepwa!" Akakifumba. Sasa huo ungekuwa uongo wa kuua.

Basi alikunja leso yake akaingia mwenyewe. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, lakini mkondo ule aliujua kama jiko lake. Akatokea ng'ambo amelowa chapachapa, anahema.

"Umeng'ang'ania nini hapa, we mtoto? Chaza wote wa mizizini walikuwa nje ya maji! Umekulia hapa, hukuwaona?"

"Niliwaona, Mama," Mishi akasema. "Lakini maji niliyokuwa nikiyangoja si haya."

Bi Mwanatumu akampokea mjukuu wake, akamlaza begani, akalia waziwazi mbele ya binti yake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Siku hiyo walishinda ng'ambo wote watatu mpaka jua linakuchwa, maana hori ilijaa kwelikweli, na mwita maji mwenyewe ndiye huyo, yuko upande usio wake. Hawakulalamika. Walikuwa na miaka mitatu ya kuzungumza.

Tangu hapo, watu wa hapa wakimwona mtu amenuna hawamkimbii. Humkalia karibu, wakangoja. Nanyi mtagombana tu, nawajua. Ikifika siku hiyo, msiondoke ufukweni. Maji yakijaa hupwa.