Wadoezi wa Tumbo la Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, Tembo alisikia sauti tumboni mwake. Guru-guru-guru!

"Nani huko?"

"Sisi, bwana. Vijidudu," wakajibu wengi mno, kwa sauti nyembamba.

"Mnafanya nini humo?"

"Tunakula nawe."

"Lo! Wadoezi!" Tembo aling'aka. Hakuna mtu ambaye Tembo alimchukia kama wa kuvizia chakula cha mwenzake. "Tokeni!"

Akanywa dawa chungu, pipa zima. Tumbo likamwendesha kutwa, pururu! pururu! Kisha kimya.

"Sasa nitashiba peke yangu."

Wapi! Majani yaliingia mabichi, yakatoka mabichi. Akamaliza kichaka kizima, njaa ikabaki palepale. Mbavu zikamtoka, miguu ikatetemeka.

"Jamani, mume wangu anakufa huku anatafuna!" mkewe akalia.

Sungura akaja, akasikiliza lile tumbo lililonyamaza, akaelewa. Akanong'onezana na mke wa Tembo nyuma ya nyumba, kisha akaingia na sinia iliyofunikwa kawa.

"Mjomba, kula. Ila usifunue. Kwetu mgonjwa hachungulii chini ya kawa."

"Mbona kinanuka?"

"Dawa gani uliyoiona inanukia, mjomba?"

Tembo akapenyeza mkonga chini ya kawa. Gubu! Akameza.

Asubuhi, guru-guru! "Hodi! Tumetoka tumboni kwa mkeo. Leta majani, tupike!"

"Mpike?"

"Ndiyo kazi yetu tangu utotoni mwako. Meno yako hutwanga tu, bwana. Sisi tunapika, wewe unakula, nasi tunakwangua ukoko."

Tembo akatafuna. Ajabu! Majani yaleyale yakageuka nguvu, damu ikachemka, miguu ikasimama imara. Machozi yakamlengalenga. Mwili wote ule, na waliokuwa wakiubeba ni viumbe asioweza hata kuwaona!

"Kumbe mdoezi ni mimi," akasema taratibu. Kisha akakumbuka, akamgeukia Sungura aliyekuja kumjulia hali. "Sungura, kile kitoweo kilikuwa nini?"

Sungura alikwishafika mlangoni. "Kinyesi cha mkeo, mjomba! Cha moto!" Akatimua mbio, papapapa!

Tembo akainua mguu amfukuze. Tumbo likanguruma, guru-guru! Akaushusha, akacheka, akaenda kuwatafutia wapishi wake majani.

Nanyi, wanangu, msimwite mtu mdoezi kabla hamjajua nani yuko jikoni.