Mkono wa Tausi

Sogeeni. Na yule apendaye kujibu "wote wana haki" akae nje, huyo ananichosha.

Tausi alikuwa na miaka sita na moyo mbovu. Mama yake alifariki akimzaa. Baba alijiendea zake, simtaji. Mtoto akabaki na watatu: Shangazi Mwanahija, aliyejaliwa ulimi, Mjomba Mkude, aliyejaliwa mgongo, na Bibi Somoe, mama wa marehemu, aliyejaliwa utulivu. Mtoto aliaye, akipakatwa naye, hunyamaza.

Akiwa wodini, Tausi alisikia kuna nyumba ya sayansi ambako watoto huambiwa "gusa", si "usiguse". Akaomba apelekwe.

Daktari alikataa. Shangazi akamkalia mlangoni. "Daktari, ukimweka hapa atapona?" Daktari akafunga faili. "Basi mpe nusu siku." Akampa.

Ukumbi wa nyumba hiyo ulikuwa ghorofa ya nne na lifti imekufa. Mjomba akambeba.

"Mjomba, unahema kama punda wa maji."

"Na wewe mzito kama mapipa yake."

Huko juu watoto walikuwa wakitengeneza nakala za mikono yao. Unazamisha mkono kwenye ndoo ya uji mzito, uji unaganda, unautoa mkono, kisha shimo linamiminwa plasta, nayo hukauka ikawa ngumu. Ukitikisika, umeharibu.

"Nyoosha vidole," msimamizi akasema.

"Siwezi. Nimemshika mtu."

"Nani?"

Tausi akacheka tu. Wale watatu nao wakacheka, kila mmoja akijua ni yeye.

Dawa zilikuwa zikimtetemesha. Bibi akamshika kiwiko, akamwimbia taratibu, mkono ukatulia. Nakala ikatoka safi, kucha zote zinaonekana.

Wiki hiyohiyo Tausi akafariki.

Siku ya arobaini nguo zake ziligawiwa bila neno. Mkono wa plasta ukabaki mkekani.

"Bila mimi asingetoka wodini," akasema Shangazi.

"Angetoka, akaishia chini ya ngazi," akasema Mjomba.

Bibi akauvuta mkono ule. Alitia kidole chake ndani ya vile vidole vilivyokunjwa. Kikaenea.

"Hata changu kinaingia, Mama," Mjomba akasema, akatia. Kikaenea. Cha Shangazi nacho kikaenea.

Msiniambie wakae nao kwa zamu. Mmoja anaishi Tanga, mwingine Songea, mwingine Kilosa, na plasta hiyo safari moja tu ya basi imeshaimega ncha ya kidole. Wala msiniambie wauzike. Nani atamfukia mtoto yule mara ya pili?

Wamekaa. Hakuna anayeugusa, hakuna anayeaga.

Haya, wewe uliyeinamisha kichwa: ungempa nani? Na wale wawili, ungewatazama usoni ukawaambia nini?