Mashine Iliyonguruma Mazikoni

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, ya kwanza kabisa katika milima yote ile, na mlio wake ulivuka mabonde mawili. Anayebisha akawaulize mbuzi wa ng'ambo. Mtu huyo jina lake Ambakisye. Alikuwa na desturi moja: kijijini kukiwa na msiba, aliizima mashine, akachukua jembe lake, akaenda kuzika. Haikuwashwa tena mpaka kaburi limefukiwa. Hata aliyekuja na debe lake kutoka mbali alikaa akangoja.

Ambakisye akafa. Mwanawe, Lwitiko, akasema baba hatazikwa kimyakimya kama mtu wa hivi hivi. Akachapisha fulana zenye sura ya marehemu kifuani na jina la mashine mgongoni. Akatundika ukutani mwa nyumba bango refu kuliko mlango wenyewe: TUTAKUENZI DAIMA. Asubuhi ya maziko wasagaji wakamuuliza kama wazime. Akawashangaa.

"Mzime, wateja wote wahamie kwa Mwasulama?"

Mwasulama alikuwa na mashine yake ng'ambo ya mto, na maisha yote yeye na marehemu waligombea wateja.

Kaburi lilichimbwa migombani, nyuma ya nyumba. Mchungaji akafungua kinywa, watu wakaona midomo inacheza tu. Mngurumo ulikuwa umeimeza sala. Wazee wakatazamana. Mjane akainua uso. Lwitiko aliujua mlio ule tangu alipokuwa akibebwa mgongoni, lakini kwa aibu ulimi ukamtangulia. Akapaza sauti wote wasikie:

"Huyo Mwasulama kweli hana haya! Hata leo anasaga!"

Mzee mmoja aliyeshika jembe kando ya kaburi akageuka. Ni Mwasulama mwenyewe, matope hadi magotini.

"Yangu nimeizima tangu jana, mwanangu," akasema. "Hiyo ni ya baba yako."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Lwitiko akapita katikati ya waombolezaji, macho chini, na kila alipoinamisha macho alikutana na sura ya baba yake kifuani pake. Akakimbilia mashineni. Mlangoni wateja wa vijiji vya jirani walikuwa wamesongamana na madebe yao, kila mmoja akidhani kijana huyu anataka kumruka kwenye foleni, na ikambidi awasukume mmoja mmoja mpaka akaifikia, akaizima.

Aliporudi, mvua ilikuwa imeanza, na mvua ya milima ile haimsubiri mtu. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Kila mkono ulikuwa umetia udongo wake, wa Mwasulama ukiwemo. Wa mwana haukutia.

Nanyi mnaokula katika kazi iliyoanzishwa na mtu: siku atakapokufa, mtakuwa mmemzika, au mmemtundika tu ukutani?