Chungu cha Mize na Mwizi Asiyegusa

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na chungu!

Ndani mlikuwa na nini?

Funua tuone!

Nafunua, basi. Ila sogeeni karibu, na wewe uliyeegemea mlango usinisinzilie, maana hadithi hii ina mwizi, na mwizi huyu hutapenda akukute umelala. Ni mwizi wa ajabu. Havunji mlango, hachimbi ukuta, hata mkono haunyooshi. Anakuibia, nawe ukihesabu mali yako unaikuta yote.

Mnabisha? Bisheni. Tutaonana mwisho.

Hapo zamani, zamani za jembe la kuazima na moto wa kuomba kwa jirani, palikuwa na mji bara huko, mbali na bahari, uitwao Ndovuni. Watu wa Ndovuni walinunua na kuuza kwa kauri, vile vijiganda vyeupe vya baharini. Misafara ilivileta kidogo kidogo, na kwa kuwa vilikuwa haba, vilikuwa na heshima. Ukitaka kuku, toa kauri. Ukitaka jembe, toa kauri. Na ukiwa na chungu kizima cha kauri, basi, ndugu yangu, ulinunua mtamba, ng'ombe jike kijana ambaye hajazaa, ukarudi naye nyumbani ukipiga mbinja.

Katika mji huo alikaa mfinyanzi, jina lake Mize. Aliishi na mama yake na mdogo wake Kazija, mtoto aliyemfika kiunoni. Mwaka mmoja mvua ikagoma. Mtama ukakauka, watu wakala mizizi. Mama akaenda kwa Mwinyi Dafina, tajiri wa mji, akaomba mtama. Dafina akampa, lakini bure haikuwako. Akamtaka Kazija akae kwake atwange na kuchota maji mpaka deni lilipwe.

"Deni lenyewe nini, Mwinyi?" akauliza mama.

Walikuwa gulioni, na siku hiyo soko lilikuwa limejaa, na Dafina alipenda kusikika. Akapaza sauti, "Mtamba mmoja, au chungu cha kauri! Lolote mtakaloleta, kwangu mamoja. Kauri ni kauri!"

Watu wote wakasikia. Wekeni neno hilo mfukoni, tutalihitaji.

Mama alikuwa amemnunulia Kazija kaniki mpya, fupi, ya kimo chake. Mtoto akaondoka kabla haijapindwa upindo. Mize akaikunja, akaitandika ndani ya chungu alichokifinyanga mwenyewe, akaanza kutia kauri juu yake. Kisha akakizika chini ya mafiga, maana ndiyo ilikuwa desturi ya Ndovuni: mali huzikwa chini ya moto, mwizi asipoweza kuketi.

Mama akafa na dhiki yake. Mize akabaki. Akafinyanga, akauza, akazika. Akafinyanga, akauza, akazika. Mavuno yakaja, mavuno yakapita, mpaka siku moja chungu kikajaa hadi mdomoni.

Mize akakifukua, akakifuta majivu, akakitia kichwani. Mbio kwa Mwinyi Dafina! Akamkuta nyumbani, peke yake, anakula korosho.

"Mwinyi, shikamoo. Nimeleta chungu. Nipe mdogo wangu."

Dafina akakitazama chungu kama mtu aliyeletewa pilau baada ya kushiba. "Kauri? Hizo ninazo, binti. Mimi nataka mtamba. Nenda gulioni ukanunue."

Mize hakubishana. Mtamba ni chungu kimoja, shida iko wapi? Akaenda gulioni kwa Chengo, mfuga ng'ombe.

"Mtamba? Vyungu viwili," akasema Chengo.

"Viwili! Ng'ombe kaota pembe ya tatu?"

"Ng'ombe ni yuleyule, dada. Bei ndiyo imeota pembe."

Mize akarudi nyumbani. Akamimina kauri mkekani, akazipitia moja moja. Hazikupungua. Akakigonga chungu, hakina ufa. Akaimba, nanyi mnisaidie:

*Chungu changu hakivuji,*
*panya hajatia jino,*
*kauri zangu ni zile,*
*nguvu zake kala nani?*

Akafunga kibwebwe. Akafinyanga usiku na mchana mpaka akajaza chungu cha pili. Bahati ilimkuta, maana Mwinyi Dafina mwenyewe alikuwa akiagiza mitungi mikubwa, mmoja baada ya mwingine. Akaenda gulioni na vyungu viwili.

"Vinne," akasema Chengo, na safari hii aliona haya kidogo.

Mize akarudi. Akamimina, akahesabu, akagonga. Hamna ufa, hamna panya. Imbeni!

*Chungu changu hakivuji,*
*panya hajatia jino,*
*kauri zangu ni zile,*
*nguvu zake kala nani?*

Akafinyanga tena, mpaka vidole vikachubuka. Vyungu vinne. Akaenda.

"Vinane," akasema Chengo, akatazama pembeni.

Ningekuwa mimi, ningelia. Mize alilia, msidhani hakulia. Alimlilia Kazija pale pale mbele ya ng'ombe. Lakini alipomaliza kulia akashikwa na jambo jingine, likamwasha kama upupu. Akataka kujua. Wajua mfinyanzi? Chungu kikipasuka tanuruni hakitupi hivi hivi. Hukiokota, akakigeuza, akautafuta ufa ulipoanzia.

"Chengo, kaka yangu, nani kakwambia upandishe bei?"

"Hakuna. Nanunua mtama kwa Bi Nyange, na mtama umepanda. Niwauze ng'ombe kwa bei ya zamani, nile majani pamoja nao?"

Mize akamwendea Bi Nyange, muuza mtama. "Shoga, nani kapandisha mtama?"

"Si mimi! Jembe limepanda. Kamuulize mhunzi."

Akamwendea mhunzi. "Fundi, nani kapandisha jembe?"

"Si mimi! Mivukuto yangu ya kupulizia moto ni ngozi ya ng'ombe, na ng'ombe kapanda. Kamuulize Chengo."

Mize akasimama katikati ya gulio akaanza kucheka. Chengo amsukumia Nyange, Nyange amsukumia mhunzi, mhunzi amrudishia Chengo. Kila mmoja amepanda mgongoni mwa mwenzake, na hakuna aliye chini! Ufa hauanzi hapa, akajiambia. Upo penginepo.

Basi akauliza swali jingine. Na swali hili, nawaambia, ndilo lililomtoa.

"Fundi, kati ya wanunuzi wako wote, nani haombi kupunguziwa bei?"

Lazima mjue desturi ya Ndovuni. Kule kununua bila kubishana ilikuwa utovu wa adabu. Unataja kumi, nakupa nne, unajishika kichwa, nageuka kwenda zangu, unaniita, tunaulizana watoto hawajambo, tunakutana kwenye saba. Asiyebishana ama kalewa, ama mali yake haikumtoa jasho.

Mhunzi akasema, "Mwinyi Dafina. Namtajia bei, analipa papo hapo."

Akamuuliza Bi Nyange. "Dafina," akasema. "Mwungwana yule."

Akamuuliza Chengo. "Dafina. Na gulio lijalo anachukua kundi langu lote, tumeshapatana."

Mize akashuka mtoni, mahali Kazija alipochota maji. Akamkuta msichana mrefu, ana mikono migumu ya mchi.

"Mdogo wangu, mitungi yote niliyomfinyangia Mwinyi ni ya maji?"

"Maji gani, dada!" akasema Kazija. "Ingekuwa ya maji ningepumzika. Mitungi ile ina kauri tupu. Punda wanazileta kutoka pwani, gunia kwa gunia. Mimi ndiye ninayezipepeta mchanga. Wenye punda wanasema huko pwani watoto huziokota wakacheza kete, hakuna anayewakataza."

Mize akakaa juu ya jiwe. Kumbe! Akakumbuka mwaka wa njaa, mama anapika uji, wageni wanaingia, mama anaongeza maji. Sufuria inajaa, kila mtu anapata bakuli lake, bakuli ni lilelile, na watu wanalala na njaa. Dafina alikuwa akitia maji katika uji wa mji mzima. Naye, mjanja yule, alihakikisha anakunywa wa kwanza, kabla haujawa mwepesi. Alinunua kwa bei ya jana kwa kauri za leo, na bei ilipopanda nyuma yake, wa kuumia alikuwa ni aliyezika chungu.

"Na mitungi nimemfinyangia mimi," akasema Mize, akacheka. Kisha hakucheka tena.

"Dada, sasa tutafanya nini?" akauliza Kazija.

"Nataka kujua jambo moja tu. Yeye humlipa kila mtu kwa kauri. Mbona mimi nilipompa kauri, alikataa?"

Haya, toeni lile neno mfukoni.

Siku ya gulio ikafika. Mwinyi Dafina kakaa juu ya mkeka, kanzu inametameta, nyuma yake mitungi imepangwa, mbele yake kundi la ng'ombe wa Chengo. Ukubwa jalala, lakini yeye alikuwa jalala lililofukizwa udi. Chengo kashika kamba ya fahali, bado kuikabidhi tu. Kazija yupo, kabeba mtungi.

Mize akaja na chungu kimoja kichwani. Si vinne. Kimoja.

"Mwinyi, shikamoo!" Akapaza sauti kama mpiga mbiu. "Nimeleta deni la mama yangu. Chungu cha kauri, kama ulivyotamka hapa hapa, watu wakisikia!"

Dafina akacheka. "Binti, leo chungu kimoja hakinunui hata mbuzi kilema. Nilikwambia nataka mtamba."

"Nisamehe, Mwinyi, mimi mjinga. Si ulisema mtamba au chungu ni mamoja?"

"Ilikuwa zamani."

"Si ulisema kauri ni kauri?"

"Zamani, nimekwambia! Kauri za sasa..."

Akajiuma mdomo. Lakini ulimi hauna mfupa, na neno lilikwisha kutoka. Gulio lote likamgeukia. Hata ng'ombe, nasikia, waliacha kucheua. Chengo akaikaza ile kamba mkononi.

"Kauri za sasa zina nini, Mwinyi?" akauliza Mize taratibu. "Tuambie. Sisi sote tunazo. Chengo hapa unataka kumlipa hizo hizo kundi zima. Zina nini?"

Dafina akatoka jasho. Akisema kauri hazifai, ng'ombe wanarudi zizini kwa Chengo na mitungi yake yote inakuwa mitungi ya maganda. Akisema zinafaa, Kazija anakwenda kwao. Akamtazama Mize, akatazama ng'ombe, akatazama mitungi. Tamaa ikaamua.

"Hazina kitu," akasema huku akisaga meno. "Kauri ni kauri. Chukua mdogo wako."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu!"

Mize akamimina kauri zote mkekani pa Dafina, shwaaa! Mkononi ikabaki ile kaniki tu. Kazija akatua mtungi, akaja kusimama ubavuni mwa dada yake.

"Haya Chengo," akasema Dafina, "lete kamba."

Chengo hakuleta. "Mwinyi, ng'ombe wangu leo hawataki kutembea. Ulipopewa kauri uliona uchungu mpaka ukatoka jasho. Mimi unanipa mitungi mizima, nitatoka mto."

Bi Nyange akaufunga mtama wake. Mhunzi akafunika majembe yake kwa gunia. "Leta chumvi, Mwinyi," wakamwambia. "Leta kitambaa, leta nafaka. Kauri tumeshiba."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Dafina akarudi kwake na mitungi yake, na jioni hiyo, mwenye kauri kuliko wote Ndovuni alikwenda kuomba kibaba cha unga kwa jirani. Alipewa. Watu wa Ndovuni wana huruma, lakini walicheka kwanza.

Na tangu siku hiyo watu wa mji ule hawaziki chungu wakakisahau. Kila mavuno hukifukua, wakakipeleka gulioni, wakakiuliza, "Leo wewe ni nini? Ng'ombe, mbuzi, au yai?" Kikijibu yai, hukitumia upesi kabla hakijawa maganda matupu. Desturi hiyo wanaiita kuuliza chungu, na ukifika kule wakati wa mavuno utawaona.

Kwaheri Dafina. Lakini Mize sijammaliza.

Walipofika nyumbani, Mize akaikunjua ile kaniki. Mpya kabisa. Majivu hayakuifikia, nondo hawakuila, hata uzi mmoja haukukatika. Akamfunga Kazija kiunoni. Ikaishia juu ya magoti, na ubavuni ikakataa kukutana.

Mize akaivuta huku, akaivuta kule. "Nimeitunza," akasema. "Haijapungua hata kidogo. Nimeitunza vizuri, Kazija."

"Najua, dada. Ni mimi niliyeongezeka."

Kisha Kazija akaifungua ile kaniki, akaikunja, akajifunga kichwani. Hapo ikatosha. Wakakaa mbele ya mafiga wawili hao, wakapika uji mzito, na siku hiyo hawakuongeza maji.

Chungu nimekifunua?

Umekifunua!

Mwizi mmemwona?

Tumemwona!

Basi nafunika. Aliyebaki na swali alale nalo, asubuhi aende nalo sokoni.